Usiiache "up" njiani: maswali yenu kuhusu "pick up"

Wasomaji wapenzi, ukurasa wa leo nimeuachia kitenzi kimoja tu cha Kiingereza. Barua zinazokihusu zimetoka kwa dereva, mwenye duka, mchoraji mabango, binti wa kituo cha simu na mtahiniwa wa Kidato cha Nne, na wote wanauliza juu ya neno ambalo Nairobi tunalitamka kutwa kucha. Barua ya dereva ndiyo iliyobeba mzizi wa zile nyingine, kwa hiyo naanza nayo, na jibu lake litakuwa refu.

Swali: Mwalimu, habari ya kazi? Mimi ni dereva wa teksi na wageni wangu wengi nawatoa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Juzi nilimwandikia mama mmoja kutoka Uingereza hivi: "I will pick you at 5." Akanijibu vizuri tu: "Lovely, pick me up at Arrivals." Nikaona ameongeza "up", nami nikajirekebisha. Nilipofika nikamtumia ujumbe: "I am here to pick up you." Tukiwa garini akaniambia kwa upole kwamba hiyo nayo haiko sawa, ila hakuweza kunieleza kwa nini. Lakini nikimwandikia bosi wangu "I have picked up the guest", hakuna anayelalamika. Mbona "pick up the guest" ni sawa na "pick up you" si sawa? Na ile "pick you" ya kwanza ina kosa gani, ikiwa hapa mjini sote tunaelewana?
*Dereva, Embakasi*

Jibu: Dereva wangu, hayo ni maswali mawili, nami nitayajibu moja moja.

"Pick" ikisimama peke yake ina kazi mbili kubwa: kuchuma na kuchagua. Ukitaka kuona tofauti yake na "pick up", nenda Limuru asubuhi. Wachumaji wameshaingia katikati ya michai, vikapu mgongoni, vidole vinakwanyua majani mawili na chipukizi lake: "They pick the tea." Baadaye wanayapeleka kituoni, yanapimwa kwenye mizani, kisha lori la kiwanda linakuja kuyabeba: "The lorry picks up the tea." Chai ni ile ile. Mchumaji ametenga jani na mti. Lori limeikuta chai mahali inapongoja na kuondoka nayo. Kazi yako wewe ni ya lori.

Kwa hiyo ulipoandika "I will pick you at 5", kwa sikio la mtu wa London ulimwambia kwamba saa kumi na moja utamchagua, kama kocha anavyochagua mchezaji. Alikuelewa kwa sababu ulitaja saa, na kwa sababu alijua wewe ni dereva. Maneno yenyewe hayakumsaidia.

Je, hilo ni kosa? Nina msimamo wangu na nitausema wazi. Waliokichunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki wameandika kwa miaka mingi kwamba huwa tunadondosha vijineno hivi vya mwisho, na "pick" badala ya "pick up" ni mmojawapo wa mifano yao ya kawaida. Ni desturi ya watu wengi na haina aibu yoyote. Mtu wa Umoja akimwambia mwenzake wa Kayole "pick me at Donholm", hakuna atakayepotea, wala simkemei. Lakini wewe unakula kwa ujumbe unaowatumia watu wa mbali. "Pick you up" inaeleweka Embakasi na inaeleweka Edinburgh. "Pick you" inaeleweka Embakasi. Mtu wa kazi yako anastahili kuwa na ile inayofika kote.

Nadhani pia najua kilichotupotosha. Ni "drop". Waingereza wenyewe husema "drop me off at the bank" na husema pia "drop me at the bank". "Off" iwepo au isiwepo, kamusi zinakubali. Sasa sisi tuliozoea kusema "drop me here" kila siku tumedhani kwamba kitenzi cha kupanda gari kitafuata mkondo wa kitenzi cha kushuka. Hakifuati. "Drop" inaweza kuishi bila mwenzake, "pick" ya dereva haiwezi.

Tuje kwenye lile la pili, ambalo ndilo lililonifanya niiweke barua yako mbele. Usijione mzito. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi hivi vinavyofuatwa na kijineno ndivyo vinavyowapa wageni wa lugha hiyo taabu kubwa kabisa. Wanafunzi wa Kiingereza wamelalamikia jambo hili karne na karne. Ila wewe unayeongea Kiswahili umeshabeba nusu ya jibu mdomoni.

Sema: "Nitamchukua mgeni." Ukishajua ni mgeni gani tunayemzungumzia, unamwacha na kusema "nitamchukua" basi. Mgeni ameenda wapi? Yumo ndani ya kitenzi. Ni hiyo "-m-" iliyokaa kati ya "nita-" na "-chukua". Mjini utasikia mtu akisema "nitachukua yeye", na hata kama umemwelewa, sikio lako linajua kwamba hapo pamekaa vibaya. Mama yule naye alipolisikia "pick up you", sikio lake lilikwaruzwa vivyo hivyo, na ndiyo sababu alijua kwamba si sawa lakini hakuweza kueleza. Nani kati yetu angeweza kumweleza mgeni papo hapo, ndani ya gari, kwa nini "nitachukua yeye" haipendezi?

Kiingereza nacho kina tumbo la kitenzi. Liko kati ya "pick" na "up", na kiwakilishi lazima kiingie humo: pick me up, pick you up, pick him up, pick her up, pick it up, pick us up, pick them up. Hakuna hiari. Nomino kamili ndiyo yenye hiari, inakaa ndani au nje: "pick the guest up" au "pick up the guest", zote sawa. Ndiyo maana ujumbe wako kwa bosi haukuwa na tatizo. Nomino ikija na maelezo marefu, heri uiweke nje: "I have picked up the two guests who came on the Kisumu flight." Ukiyaingiza maneno yote hayo katikati, msomaji atafika kwenye "up" akiwa ameshasahau "pick".

Jioni nafundisha watu wazima hapa mjini, walinzi, wahudumu wa hoteli, wapishi, na somo hili sianzi kulifundisha kwa ubao. Naangusha funguo zangu sakafuni. Nasema, "Please pick up the keys." Mmoja anainama, anaziokota, na kabla hajanirudishia lazima aseme, "I have picked them up." Akisema "picked up them", anazirudisha sakafuni na mwenzake anajaribu. Kisha tunahamia kwenye taa: "Switch off the light." "I have switched it off." Fomu ya kazi: "Fill in the form." "I have filled it in." Mkutano: "They called off the meeting." "They called it off." Baada ya nusu saa mdomo unalijua tumbo lilipo bila mtu kutaja kanuni. Wewe jaribu na mtoto wako nyumbani, kwa kijiko, kwa kiatu, kwa chochote kinachookoteka.

Lakini usiipeleke kanuni hii kwa kila kitenzi chenye kijineno. "Look after the child" hutoa "look after her", si "look her after". "Wait for the guest" hutoa "wait for him". Namna ya kupima ni hii: chukua nomino kamili na ujaribu kukisukuma kijineno mwisho kabisa. "Pick the guest up" inasimama, basi tumbo lipo. "Look the child after" haisimami kwa Mwingereza yeyote, basi tumbo halipo, na kiwakilishi kinabaki nyuma. Ukiwa na kamusi nzuri ya wanafunzi, iangalie: nyingi huonyesha kwa mpangilio wa maneno kama kitenzi kinafunguka au la, na nyingine huweka mshale wenye ncha mbili.

Kwenye simu yako hifadhi hizi: "I will pick you up at 5." "I am here to pick you up." "I have picked her up and we are on Mombasa Road."

Jambo moja la mwisho kwako, kwa sababu ya kazi yako. Taja mahali na saa daima. "Pick somebody up" ina maana nyingine, hasa usiku na hasa mahali pa vileo: kumtongoza mtu usiyemjua ili uondoke naye. Ukiandika "I will pick you up at the hotel entrance at 8", hakuna atakayekudhania vibaya.

Swali: Mwalimu, nauza vitambaa Eastleigh. Kuna mtu aliye ng'ambo anayenitumia mzigo, na mwezi wa Januari nilimweleza kwamba duka limelala, wateja wote wanahangaikia karo. Akanijibu: "Don't worry, it will pick up." Nikamuuliza ni nani atakayekuja kuchukua, na atachukua nini, maana sikuwa nimeuza wala kuagiza kitu. Hakujibu. Alikuwa na maana gani?
*Mwenye duka, Eastleigh*

Jibu: Hakuna anayekuja, mama, na vitambaa vyako viko salama. Alikuwa anakupa moyo. Alisema biashara itachangamka.

Angalia kwamba baada ya "pick up" yake hakuna kitu kinachochukuliwa. Hapo kitenzi kinasimama chenyewe, na kinachotajwa mbele yake ni kitu kisicho na mikono: biashara, mauzo, upepo, mwendo. "Business picked up in December." "The wind picked up." Maana yake ni kwamba kitu kilichokuwa kimelegea kimeanza kupata nguvu. Nasi tunalo jambo la aina hii kabisa, tena kwa kitenzi cha mkono: moto umeshika, mvua imeshika. Moto umeshika nini? Hakuna Mswahili anayeuliza hivyo, kwa sababu anajua kwamba "kushika" hapo ni kukolea. Basi mauzo yako nayo "yatashika".

Tafadhali usiandike "My business was picked up". Hiyo inamwambia msomaji kwamba mtu alikuja akaibeba. Na ukisoma gazetini kwamba "The suspect was picked up by police", ujue amekamatwa. Mambo yakichangamka mwandikie hivi: "Sales have started to pick up." Atafurahi, na huenda akakuongezea mzigo.

Swali: Nachora mabango Kariobangi. Mteja mmoja anataka niandike PICK UP POINT, mwingine PICKUP POINT, na kijana wangu anasema lazima pawe na kistari katikati. Nani ana haki?
*Mchoraji, Kariobangi*

Jibu: Hapo ni jina la mahali, si kitendo, kwa hiyo liandike kwa neno moja, PICKUP POINT, au kwa kistari, PICK-UP POINT. Zote zinakubalika, chagua moja na uitumie kwenye bango zima. Kikiwa kitenzi kinaandikwa kwa maneno mawili bila kistari: PICK UP YOUR PARCEL HERE.

Na kwa vile mabango husomwa kwa sauti: jina hutiliwa mkazo mwanzoni, PICKup, na kitenzi hubeba mkazo wake kwenye UP. Wewe unayajua haya tayari. Barabara ya kwenda Thika na kazi iliyofanywa barabara ni herufi zile zile, na mkazo ndio unaozitenga. Gari letu la mizigo, pikapu, limetoka kwenye hilo hilo jina.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kituo cha kupigia wateja simu, Upper Hill. Msimamizi wetu ametukataza kuandika "Customer not picking calls" kwenye ripoti. Anataka "did not answer". Tumekasirika kidogo, kwa sababu hata kwa Kiswahili tunasema "hapick". Je, si ni sawa tu?
*Binti wa simu, South B*

Jibu: Marahaba, binti yangu. Msimamizi wenu yuko sawa, na ningemuunga mkono hata kama angekuwa mkali zaidi, kwa sababu ripoti hiyo huenda inasomwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi. "Not picking calls" kwake ni mteja anayekataa kuchagua simu.

Kumbuka simu ya zamani ya mezani, ile yenye mkono mzito uliolazwa juu yake. Ikilia, uliunyanyua mkono huo mpaka sikioni. "Pick up the phone" imetoka kwenye tendo hilo la kunyanyua, na "up" ndiyo iliyobeba kunyanyua kwenyewe. Mikono hiyo imepotea mezani lakini kitenzi kimebaki kizima. Unaweza kuandika "The customer did not pick up" na ukakomea hapo, bila neno jingine, nayo ni sentensi kamili. Unaweza kuandika "did not answer". Ile ya pili ni fupi na haina pa kukosea, kwa hiyo katika ripoti ningeitumia hiyo.

"Hapick" ni Sheng, na sina ugomvi na Sheng. Ongea na wenzako upendavyo. Lakini mteja akikupigia akitaka Kiswahili, tunayo "hapokei simu" na "hashiki simu", zote nyepesi mdomoni. Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mteja wa namna hiyo anastahili kusikia lugha kamili kutoka kwako kama anavyostahili yule wa Kiingereza.

Swali: Mwalimu, mimi ni mtahiniwa wa KCSE. Nimekariri orodha ndefu ya vitenzi hivi kwa ajili ya karatasi ya pili ya Kiingereza, na bado nachanganya "pick up", "pick out" na "pick on". Nikikaa na karatasi kila kitu kinaruka. Niongeze orodha nyingine?
*Kidato cha Nne, Makadara*

Jibu: Hapana, mwanangu, weka orodha chini. Orodha inakupa kitenzi na maana yake, lakini mtihani haukuulizi hivyo. Unakupa sentensi yenye maneno yaliyopigiwa mstari, na unakutaka uweke kitenzi cha aina hii mahali pake. Basi jizoeze kwa sentensi, na ziwe sentensi za watu unaowajua.

"Pick on" ni kumwonea mtu, kumwandama yeye tu kila mara: "The older boys pick on him." Umeona "him" iko mwisho? Hapo tumbo halipo, kama nilivyomweleza dereva wa Embakasi. "Pick out" ni kumtambua au kumchagua mmoja kati ya wengi: mashahidi wanapoonyeshwa mstari wa watu na kumwonyesha mshukiwa, "they pick him out".

Ya "pick up" inayopenda kuulizwa shuleni ni ile ya kujifunza kitu bila darasa, kwa kusikia na kukaa na watu. Nairobi imejaa mifano. Mtu amelelewa Kaloleni, majirani upande huu wanaongea Kiluo, upande ule Kikamba, na akifika miaka kumi anazielewa zote mbili ingawa hakuna aliyemkalisha kumfundisha. "She picked up Kikamba from the neighbours." Andika sentensi za aina hiyo kuhusu bibi yako, rafiki yako, kondakta wa matatu yenu, tatu au nne kila jioni, na uzisome kwa sauti.

Na ukiwa chumbani, kabla hujaandika jibu, angalia kama mstari umepigwa chini ya kitenzi peke yake au umefika mpaka kwenye kiwakilishi. "My grandmother learnt it from her neighbours": ikiwa waliyoyapigia mstari ni "learnt it", jibu ni "picked it up". Ukiandika "picked up it", kitenzi umekipata lakini jibu si sahihi.